Gololi za Shingo

Fundi baiskeli wa Igunga akiletewa baiskeli iliyochoka kubeba magunia ya mpunga, haanzii kwenye magurudumu. Huinyanyua mbele, akauzungusha usukani taratibu, viganja vikisikiliza. Ukikwama kidogo kila unaponyooka, ugonjwa ameshaujua. Huifungua shingo, huosha gololi kwa mafuta ya taa, kisha hupitisha ukucha ndani ya kikombe. Ukucha unagota: vijishimo vimejipanga duara, kila gololi na chake.

Gurudumu huzunguka siku nzima, na kila mzunguko huzipaka gololi zake grisi upya. Shingo haina bahati hiyo. Usukani hucheza kidogo tu, huku kila kishindo cha barabara kikitua palepale. Grisi husukumwa kando, chuma kikabaki kusagana na chuma.

Maradhi hayohayo huwasumbua wahandisi wa mitambo ya upepo. Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, imesimama mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850. Shina la kila panga hushikwa na beringi inayoligeuza ili liukamate upepo au liuachie. Safari yake yote ni takribani nyuzi 90, na muda mwingi husogea nyuzi chache tu, ikienda na kurudi. Wakati huohuo upepo hulipinda panga kuelekea mnara, na uzito wake hulivuta upande huu likipanda, upande ule likishuka.

Ninauheshimu sana ustadi uliojibu tatizo hili. Beringi hizo aghalabu huwa na safu mbili za gololi, kila gololi ikigusa njia yake mahali panne, ili msukumo ukitoka popote upate wa kuupokea. Kisha, mara kwa mara, panga huweza kugeuzwa kuliko upepo unavyodai, ili gololi ziikokote grisi na kuirudisha ilipokimbia. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, walijua kuwa mzigo huhamishwa kabla bega halijachubuka.

Fundi wetu naye hukigeuza kikombe kidogo kabla ya kukigonga mahali pake, vijishimo visikutane tena. Hupaka grisi, hukaza nati, kisha huuzungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, mara kadhaa. Hasemi neno. Anaieneza grisi.