Kama Saleh Omar Angeshukia Tanga

Tangu Abdulrazak Gurnah apewe Nobel mwaka 2021, mazungumzo yetu yote ya fasihi na ukimbizi huanzia kwenye By the Sea. Sawa, na mimi naanzia hapohapo. Riwaya ile ya mwaka 2001 inatukutanisha na mzee Saleh Omar katika uwanja wa ndege wa Gatwick, akiwa na kijisanduku cha udi, jina la mtu mwingine, na ushauri aliopewa na aliyemuuzia tiketi: usiseme Kiingereza. Kiingereza anakijua vizuri sana. Ananyamaza tu, na yule ofisa wa uhamiaji anajizungumzia mwenyewe weee, kisha anauchukua udi.

Nimeirudia riwaya hii hivi karibuni nikiwa na swali la kinyumenyume. Je, yule mkimbizi aliyekuja upande wetu, akapokewa kwa sababu alifungua mdomo?

Watu hao wapo, tena si mbali. Wako Chogo, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Mababu zao walikuwa Wazigua wa nyika hiyohiyo, waliochukuliwa hadi pwani ya Somalia wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1830. Simulizi zao zinasema walidanganywa: waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, walipofika wakauzwa. Wakaishi bonde la mto Juba kwa zaidi ya karne moja na nusu, wakidharauliwa kwa nywele zao na kuitwa watumwa, na bado wengi wao hawakuiacha lugha yao. Vita vilipolipuka mwaka 1991 walikimbia. Wengi waliishia makambi ya Kenya, lakini wapo waliokuja hadi Handeni, wakakaa kwanza Mkuiu, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo. Wenyeji wakawasikia wanaongea Kizigua. Kizigua cha kizamani kidogo, ila Kizigua. Baadaye serikali ikawafungulia njia ya uraia.

Saleh Omar anaficha lugha ili aingie. Hawa lugha ndiyo iliyowaingiza. Hapa pana riwaya kubwa, bwana, na mimi kwa Kiswahili sijaikuta.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba utanzu wenyewe tayari upo, kwa mdomo. Wazigua wa Juba wana masimulizi ya mwanamke aitwaye Wanankhucha, kiongozi na mwaguzi, aliyewatoa watu wake utumwani wakielekea kusini, kwao. Walipofika bonde la chini la Juba ardhi ikatetemeka. Akaisoma ile kuwa ishara: hapa tutue. Hebu uangalie ufundi huo. Safari ya kurudi nyumbani inakatizwa katikati, na aliyeikatiza ni kiongozi mwenyewe, si adui. Watu wanajenga makazi mahali ambapo si nyumbani wala si utumwani. Wahakiki wetu tumezoea kumtafuta shujaa Fumo Liyongo au Mwana Kupona mwenye wasia. Huyu mama wa tetemeko tumemwachia nani? Nimemkuta kwenye vitabu vya wanaanthropolojia, kwa Kiingereza. Catherine Besteman, aliyeishi kijijini bonde la Juba miaka ya 1980, alikuja kukutana na wanakijiji wale wale mjini Lewiston, Marekani, akaandika Making Refuge (2016). Kitabu kizuri. Lakini ni cha Lewiston, sio cha Handeni.

Nchi yetu nayo haimo katika sura ya Marekani kwa bahati tu. Kabla Marekani haijakubali, mwaka 1999, kuwapokea watu wapatao 12,000 wa jamii hizi za Wabantu wa Somalia, Tanzania iliombwa iwachukue, ikashindwa kwa kuwa ilikuwa imeelemewa na wakimbizi wa Maziwa Makuu. Kwa hiyo ukoo mmoja una watu Handeni na watu Maine, wote wametoka kwenye mashamba yaleyale ya Juba. Mwandishi anatafuta nini tena?

Sasa niseme ninachokiogopa. Habari nyingi nilizosoma kuhusu Chogo zina msuko mmoja: walipotea, wamerudi, tumewatambua, karibuni nyumbani. Ni msuko mtamu, na ni mwepesi mno. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alimpeleka Utubora wake shambani kutoka mjini bila kumwomba cheti wala ushahidi wa babu. Mtu wa Chogo aliyezaliwa Juba alijaza fomu. Na Gurnah anatuonya vizuri zaidi. Anayeitwa kumtafsiria Saleh Omar ni Latif Mahmud, na jina analolitumia yule mzee ni la baba yake Latif, ambaye nyumba yake iliangukia mikononi mwa mzee huyohuyo. Wanajuana. Na kwa sababu wanajuana, ndipo kesi inaanza: nani alimdhulumu nani, nyumba ilikuwa ya nani. Riwaya ya Chogo ninayoiota ingeanza siku ya pili baada ya makaribisho, pale mwenyeji na mgeni wanapoulizana mpaka wa shamba kwa lugha moja.

Tena kuna Warundi. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 wa wale waliokimbia mwaka 1972, pamoja na watoto wao, walipata uraia wetu. Kijana aliyezaliwa Katumba au Ulyankulu hana babu wa Handeni wa kumtaja. Ana miaka yake tu, mahindi aliyolima na shule aliyosoma. Fasihi ikishangilia damu peke yake, huyu tutamwandikia hadithi gani? Ndiyo maana sitaki Chogo iandikwe kama muujiza wa ukoo.

Huenda mwandishi wake yupo kulekule, amesoma kwa Kiswahili, bibi yake bado anamsimulia kwa Kizigua cha Juba. Ningependa aanze na Wanankhucha ardhi inapotetemeka, na maneno mengine ya bibi ayaache kama yalivyo bila kututafsiria. Sisi wasomaji wa pwani tutauliza Handeni.