Oili Moja, Mabwana Wawili: Hesabu ya Giaboksi ya Subaru

Gia ya tatu ndiyo hulalamikiwa kwanza. Gari ni Subaru Impreza WRX ya gia tano, presha ya turbo imeongezwa, programu ya injini imeandikwa upya, na mwenye gari anatamba barabarani kwa muda kabla giaboksi haijaanza kulia. Ikifunguliwa mezani, meno mawili matatu hayapo, na sumaku ya nati ya kumwagia oili imevaa ndevu za chuma. Hapo lawama huanza kugawanywa: oili feki, fundi mbovu, dereva mkorofi. Wachache husoma kilichoandikwa kwenye kasha lenyewe.

Namba ya utambulisho ya giaboksi hiyo huanza na TY75. Ya gia sita, iliyofungwa kwenye Impreza WRX STI tangu miaka ya mwanzo ya 2000, huanza na TY85. Tarakimu hizo mbili ni milimita: umbali kati ya shafti mbili zinazobeba gia. Sentimita moja tu, lakini ndani yake mna karibu kesi nzima.

Jino la gia hubeba nguvu inayotokana na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ikigawanywa kwa nusu kipenyo cha gia. Shafti zikisogezwa mbali kutoka milimita 75 hadi 85 kwa uwiano uleule, gia huwa kubwa zaidi, na mzigo kwenye kila jino hupungua kwa takriban asilimia 12. Nafasi hiyo pia huruhusu shafti nene zaidi, na gia za TY85 ni pana kuliko za nduguye. Kwenye TY75 mambo yamebanana: kasha moja la alumini, lililogawanyika katikati kwa urefu wake, limebeba gia tano na difu ya mbele. Gia zinapobeba mzigo husukumana ziachane. Shafti zikipinda kidogo na kasha likitanuka kidogo, meno hayakutani tena kwa upana wake wote, bali kwa ncha. Jino linalobeba mzigo kwa ncha halidumu.

Ndiyo maana swali la kwanza wanalouliza wengi, “Gari lina nguvu farasi ngapi?”, si swali la giaboksi. Honda S2000 ya mwanzo iliyouzwa Marekani ilikuwa na nguvu farasi 240, na WRX ya 2002 katika soko hilohilo ilikuwa na 227. Ukitazama karatasi, Honda ndiyo yenye ubavu. Lakini torki ya Honda ilikuwa takriban Nm 208, nguvu zake zikitoka kwenye mizunguko ya juu, ilhali WRX ilitoa Nm 294. Giaboksi ya Subaru ilibebeshwa torki kubwa zaidi kwa asilimia 41, na gari lilionekana dhaifu kwenye tangazo. Ongeza magurudumu manne yanayoshika lami bila kuteleza, na hakuna mahali pa mshtuko kutokea isipokuwa kwenye klachi au kwenye gia.

Subaru wenyewe waliiona hesabu hiyo. STI iliyoingia Marekani kama modeli ya 2004, yenye nguvu farasi 300 na Nm 407, haikupewa giaboksi ya WRX iliyoimarishwa; ilipewa nyingine kabisa, yenye hata pampu yake ndogo ya kusukuma oili. Na gia ya sita haikuwekwa kwa ajili ya kupunguza mizunguko safarini. Kwa soko hilo, gia ya sita ya STI ina uwiano wa 0.756, na gia ya tano ya WRX 0.738. Difu za mbele zikiwa sawa, STI huzungusha injini kidogo zaidi kwenye mwendo uleule. Gia iliyoongezwa ilibanwa katikati, ili turbo isipoteze pumzi kati ya gia na gia.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kufuatilia mambo haya. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na barabara za Nairobi na Kampala hadi leo zina Impreza na Forester za turbo zilizotumika Japani. Giaboksi za mtumba nazo zinapatikana madukani Kirinyaga Road na Gerezani. Anayetaka kuhama kutoka gia tano kwenda sita hukuta kwamba kununua giaboksi ni mwanzo wa orodha: propela shafti, ekseli za magurudumu, difu ya nyuma, na kwa zile zenye difu ya kati inayoamriwa kwa umeme, kifaa cha kuiamrisha.

Difu ya nyuma ndiyo huwaangusha wengi. WRX ya gia tano ya Marekani ina 3.900 mbele na 3.545 nyuma. Ukizitazama utadhani kiwanda kilikosea. Hakikukosea: kati ya giaboksi na propela shafti kuna jozi ya gia yenye uwiano wa 1.1, na 3.545 mara 1.1 ni 3.9. STI ya gia sita haina hesabu hiyo ya kati, mbele 3.9, nyuma 3.9. Mtu akifunga giaboksi ya STI na kuacha difu ya nyuma ya zamani, ekseli za mbele na nyuma hutofautiana kwa asilimia kumi kila mita ya safari, hata barabara ikiwa imenyooka. Difu ya kati hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue.

Sasa oili, ambako ubishi wa gereji huwa mkali kuliko ujuzi.

Ndani ya giaboksi ya mkono kuna kazi mbili zinazovutana. Sinkronaiza, ile pete ambayo mara nyingi ni ya brasi, hutegemea msuguano: dereva anaposukuma gia, mifereji myembamba ya pete hukata utando wa oili, pete hung’ang’ania koni ya gia, mizunguko inalingana, kisha gia inaingia. Oili ikiwa telezi mno, pete haishiki na gia hukwaruza. Difu yenye meno ya haipoidi inataka kinyume chake. Pinioni yake imeshushwa chini ya kitovu cha gia kubwa, hivyo meno hayabingiriki tu, yanaburuzana kwa shinikizo kubwa. Bila kemikali za salfa na fosforasi za kutengeneza tabaka la kinga juu ya chuma, meno hayo huchubuana.

Viwango vya API vinatenganisha kazi hizo: GL-4 kwa mzigo wa kawaida, GL-5 kwa haipoidi. Kwa ujumla GL-4 hubeba takriban nusu ya kemikali hizo za shinikizo. Salfa iliyo hai ikipata joto hula shaba, na brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Hapo ndipo ilipotoka hofu ya kutia GL-5 kwenye giaboksi. GL-5 nyingi za leo zimetengenezwa zisiile shaba kama za zamani, kwa hiyo hofu hiyo imepungua. Tatizo la utelezi kwenye sinkronaiza halijaondoka.

Subaru ya gia za mkono haina anasa ya kuchagua. Difu ya mbele ya haipoidi na sinkronaiza vinaogelea kwenye oili ileile, lita 3.5 kwa gia tano na takriban 4.1 kwa gia sita. Kiwanda kiliamua upande: GL-5, 75W-90. Uamuzi huo una mantiki, kwa sababu sinkronaiza ikichoka gia hukwaruza, lakini difu ikichoka gari husimama. Wamiliki wengi wa Marekani hawakuridhika, wakaanza kuchanganya GL-5 na oili nyepesi ya GL-4 ili gia ziingie laini. Gia huingia laini kweli. Ila mchanganyiko huo hauna kiwango chochote kilichopimwa, na kinga ya difu imepunguzwa kwa makusudi. Kwa gari lililoongezwa torki ni biashara mbaya. Afadhali GL-5 sintetiki iliyotengenezwa kwa giaboksi zenye difu ndani, ikabadilishwa mapema.

Wengine hukimbilia oili nzito, wakiamini injini kali inataka oili nene. Wakanushwe na Dodge. Challenger SRT Hellcat ya 2015, yenye nguvu farasi 707 na Nm 881, iliuzwa pia na giaboksi ya mkono ya gia sita, Tremec TR-6060, mtoto wa T56 iliyoanza kwenye Dodge Viper ya 1992. Giaboksi hizo hutumia ATF, oili nyepesi ya familia ya otomatiki. Inawezekanaje? Difu iko nyuma ya gari na oili yake yenyewe, hivyo giaboksi haina haipoidi ya kulindwa. Nguvu ya kubeba torki imewekwa kwenye upana wa gia na unene wa shafti, na bitana za sinkronaiza zimetengenezwa kwa ajili ya ATF. Anayemimina 80W-90 humo kwa nia ya kuilinda hupata gia nzito na sinkronaiza iliyoharibika.

Namba za kopo nazo hupotosha. Oili ya gia daraja la 90 ikiwa nyuzi 100 ina mnato wa kati ya sentistoki 13.5 na 18.5, ambao kwenye vipimo vya oili ya injini unaangukia kati ya daraja la 40 na la 50. Vipimo viwili tofauti, namba zisizolinganishwa. Na ile 75W ya mbele ni ya baridi kali: tofauti yake na 80W huonekana kwenye barafu ya Hokkaido, si kwenye asubuhi ya Limuru, sembuse Mombasa.

Kwa upande wa otomatiki, neno la kuogopwa ni “ya maisha”. BMW zilizofungwa ZF 8HP, iliyoanza 2009, ziliuzwa kwa maelezo kwamba oili haibadilishwi. ZF waliotengeneza giaboksi hiyo wanapendekeza kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na chujio lake limeunganishwa na sinia ya plastiki ya chini, hivyo vinabadilishwa pamoja. Kwa gari linalotumia nguvu zake, mwenye kuaminiwa ni ZF.

Subaru ya otomatiki ya gia nne, ile iliyomo kwenye Forester nyingi za turbo, ilimaliza ugomvi wa mabwana wawili kwa sili: ATF upande mmoja, difu ya mbele na GL-5 yake upande wa pili, kila moja na kijiti chake cha kupimia na nati yake ya kumwagia. Suluhisho safi, lenye mtego wake. Fundi anayekusudia kubadilisha ATF hufungua nati ya difu, humwaga lita moja na ushei ya oili, kisha hujaza ATF mpya juu ya ile ya zamani ambayo haikutoka. Gari hutoka gereji likiwa na ATF iliyozidi na difu isiyo na oili. Njia ya kuligundua kosa hilo kabla ya kufunga boneti ni kutazama rangi na kunusa kilichotoka: ATF kwa kawaida ni nyekundu, na GL-5 ina harufu kali ya salfa isiyofichika.