Mstari Mmoja kwa Kila Mwaka

Mwaka 1824, watu 124. Mwaka 1825, watu 218. Mwaka 1826, watu 175. Ukizidi kushuka na jedwali hili utapita vita, njaa na wafalme bila kukutana nao, maana halitaji chochote ila mwaka na idadi ya watu waliotolewa katika hatari ya bahari wakiwa hai. Jedwali ni la RNLI, taasisi ya kifalme ya mashua za uokoaji inayohudumia pwani za Uingereza na Ireland. Kwa miaka mingi lilichapwa upya katika taarifa za taasisi hiyo, na kila lilipochapwa liliongezewa mistari chini. Hakuna sentensi nzuri ndani yake, wala kivumishi hata kimoja, na bado ni miongoni mwa maandishi ninayoyaonea wivu.

Taasisi yenyewe ilizaliwa London tarehe 4 Machi 1824. Mwaka mmoja kabla, Sir William Hillary, aliyekuwa akiishi Douglas katika Kisiwa cha Man na kushuhudia meli zikivunjika karibu na kwake, alikuwa amechapisha wito kwa taifa: pawe na chombo cha kudumu cha kuokoa watu wa baharini, wa taifa lolote, wakati wa amani na wakati wa vita. Waliokuja kushika makasia walikuwa wavuvi, marubani wa bandari na vibarua wa ufukweni. Hawakuwa waajiriwa wa taasisi. Walipewa tuzo ndogo ya fedha kwa safari, wakarudi kwenye nyavu zao. Hadi leo wengi wa mabaharia wa mashua hizo ni watu wa kujitolea: mwalimu, fundi bomba, muuza samaki, anayeacha shughuli yake pale wito unapofika.

Hapo ndipo ufundi ninaoustaajabia unapoanzia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya kujitolea hupotea haraka kuliko mali. Mwajiriwa huacha alama nyingi hata asipotaka: barua ya ajira, hati ya mshahara, makato ya pensheni, faili la likizo. Mtafiti akija baada ya miaka mia atampata tu. Anayejitolea haachi lolote kati ya hayo. Anafika, anafanya, anaondoka. Asipoandikwa na chama chake mwenyewe, hakuna ofisi nyingine duniani iliyolazimika kumwandika. Ripoti ya mwaka, ambayo wengi huiona kama adhabu ya katibu kila inapokaribia mikutano mikuu, ndiyo cheti pekee cha utumishi wake.

Tazama jinsi ripoti za waokoaji hao zilivyojengwa. Kila kituo cha mashua kilikuwa na katibu wake, naye pia akijitolea. Mashua iliporudi alijaza fomu: saa ya wito, upepo ulivuma kutoka wapi na kwa nguvu gani, bahari ilikuwaje, chombo kilichopatwa kilikuwa cha aina gani, walioondolewa ni wangapi, na nani walikuwa ndani ya mashua. Fomu ilipelekwa makao makuu. Huko, usiku mzima wa mabaharia kumi na zaidi ulipunguzwa ukawa aya moja, na mwisho wa mwaka aya ikapunguzwa ikawa mstari, na mstari ukaingia katika jumla. Katika kila hatua kuna mtu aliyeamua kipi kibaki na kipi kiachwe. Ajabu ni kwamba waamuzi hao, waliopokezana kwa vizazi, walikuwa na mkono unaofanana. Nahodha hasifiwi mpaka unachoka naye. Inaelezwa tu alitoka saa ngapi, akafika saa ngapi, na kati ya saa hizo mbili msomaji anaiona bahari mwenyewe.

Nidhamu yao kubwa zaidi ilikuwa katika kuhesabu. Ni rahisi sana chama kinachoishi kwa michango kikasema kila aliyepanda mashua yake ameokolewa. Wao walitenganisha. Aliyetolewa katika hatari ya kufa aliandikwa katika safu ya waliookolewa. Aliyekuwa salama, akaletwa tu pwani, aliandikwa kuwa ameletwa pwani. Mashua iliyokaa karibu na meli mpaka dhoruba ikatulia, bila kumgusa mtu, iliandikwa kuwa ilisimama karibu. Tofauti hizo zilipunguza idadi ya kujivunia, lakini ndizo zilizoifanya idadi iliyobaki iwe na uzito. Taasisi ilipotimiza miaka 200 mwaka 2024 na kutangaza kwamba imeokoa zaidi ya watu 146,000, msikilizaji alikuwa na sababu ya kuamini, kwa kuwa nyuma ya tarakimu hiyo kuna karne mbili za makarani waliokataa kuipandisha.

Kuna sehemu nyingine ya taarifa zao ambayo msomaji mwenye haraka huiruka, nami naiona ndiyo kilele cha kazi yote. Katika jarida lao, The Lifeboat, lililoanza kutoka Machi 1852, palikuwa na orodha ya mashua zilizoshushwa majini zisifanye huduma yoyote, pamoja na sababu. Meli ilijinasua yenyewe. Taa iliyodhaniwa ni ishara ya dhiki haikuwa ishara. Chombo kilitafutwa usiku kucha kisionekane. Kituo, tarehe, sababu kwa maneno machache, basi. Mtu wa uenezi wa leo angeifuta orodha hiyo kabla haijafika kwa mchapaji, akiuliza nani atatoa fedha kwa safari ya bure. Lakini kwa baharia hapakuwa na tofauti. Aliamka usingizini vilevile, akalowa vilevile, na angeweza kufa vilevile.

Aliweza kweli. Tarehe 15 Novemba 1928 mashua ya Rye Harbour, kusini mwa Uingereza, ilitoka katika dhoruba kuifuata meli iitwayo Alice, ya Riga. Muda mfupi baadaye habari zikafika kwamba watu wa Alice wameshachukuliwa na meli nyingine. Ishara ya kuirudisha mashua ilitolewa, haikuonekana. Wanaume wote 17 waliokuwamo walikufa. Kwa hesabu ya waliookolewa, safari ile ni sifuri. Taasisi ambayo ingekuwa na mazoea ya kuandika mafanikio tu isingejua iwaweke wapi watu hao. RNLI ilikuwa na mahali pao tangu zamani, kwa sababu ilikuwa imezoea kuandika kila safari, si kila ushindi.

Mazoea hayo yana manufaa ya kikazi pia. Desemba 1849 marubani 20 walikufa maji mashua yao ya uokoaji ilipopinduka kwenye mdomo wa mto Tyne, wakati taasisi yenyewe ilikuwa imedhoofika na michango imekauka. Duke wa Northumberland alipokuwa rais wake mwaka 1851 alitoa zawadi ya gini 100 kwa atakayebuni mashua bora. Michoro na mifano 280 ikaletwa, na tathmini yake ikachapishwa kitabu. Ni kwa kuwa waliandika jinsi mashua zilivyopinduka ndipo mafundi waliofuata walijua wapi pa kuongeza uzito na wapi pa kuweka hewa. Mwaka 1861 huko Whitby, baharia mmoja peke yake, Henry Freeman, alinusurika mashua ilipopinduka, naye ndiye aliyekuwa amevaa koti la kuelea la gome la mwaloni, la muundo mpya. Tukio kama hilo likisimuliwa kilabuni litabaki hadithi ya kilabuni. Likiandikwa kwenye taarifa, linafika kwenye vituo vingine vyote.

Sasa nimtaje fundi wa pili, ambaye hakuandika neno: aliyezitunza ripoti hizo. Kwa mtunza nyaraka, ripoti moja ya mwaka si kitu kikubwa. Thamani iko katika mfululizo. Ripoti ya mwaka 1886 ikisomwa peke yake itakuambia kwamba mwezi Desemba mabaharia 27 wa Southport na St Annes walikufa wakijaribu kuifikia meli iitwayo Mexico. Ukiwa na zilizotangulia na zilizofuata, utaona namna msiba ule ulivyobadili uchangishaji wenyewe, hadi watu wa Manchester, mji usio na bahari, wakatoka barabarani mwaka 1891 kuchangia mashua za uokoaji. Kukosekana kwa mwaka mmoja kunakata mnyororo huo. Kwa hiyo mtunzaji huanza kwa kuorodhesha asichonacho, kisha hukitafuta: kwa wajane wa makatibu, kwenye makabati ya vituo, kwa wauza vitabu chakavu.

Kazi ya mikono inayofuata ni ya subira. Pini za chuma huliwa na kutu na kutoboa karatasi, hivyo huondolewa moja baada ya moja kwa ubapa mwembamba, bila kuvuta. Mpangilio aliouacha katibu wa zamani hauguswi hata ukionekana wa ovyo, kwani mpangilio nao ni ushahidi wa jinsi alivyofikiri. Wakati wa kuingiza kurasa kwenye kompyuta, maneno hayana taabu sana. Taabu iko kwenye tarakimu. Programu ya kusoma maandishi ikikosea herufi, msomaji atalitambua neno. Ikigeuza 3 kuwa 8, hakuna atakayejua, na watu watano wataongezeka duniani. Ndiyo maana jedwali lililonakiliwa lazima lijumlishwe upya kwa mkono na kulinganishwa na jumla aliyoiandika karani wa awali. Zikipishana, linatafutwa kosa. Likiwa la karani, halisahihishwi ndani ya waraka; huandikiwa tanbihi pembeni.

Faida ya kuandika kila kitu ilionekana mwaka 2019, na Zanzibar ilikuwa ndani ya habari yenyewe. Magazeti kadhaa ya Uingereza yaliishambulia RNLI kwa kutumia fedha nje ya nchi, na mfano uliokuzwa ulikuwa mavazi ya kuogelea yenye stara yaliyosaidia wanawake na wasichana wa Zanzibar kujifunza kuogelea bila kuvunja maadili yao. Kazi zote za nje zilikuwa takriban asilimia 2 ya matumizi. Taasisi haikuomba radhi. Ilijibu kwamba inajivunia kazi hiyo kwa kuwa inaokoa maisha, na kwamba haikuwahi kuifanya siri: imo katika ripoti yake ya mwaka. Michango mingi mipya ikamiminika. Anayeandika mambo yake wakati hakuna anayeuliza hahitaji kuhangaika siku anayoulizwa.

Kwetu, sheria inawataka watu waandike. Tanzania Bara, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka kila shirika kuwasilisha taarifa ya kazi zake kila mwaka. Taarifa huandikwa, hupigwa mihuri, hupelekwa kwa msajili, na mara nyingi nakala ya chama hubaki kwenye simu ya mtu ambaye mwakani hatakuwa katibu. Chini ya mashirika hayo kuna vyama vya kuzikana, kwaya, kamati za misikiti, vikundi vya kuchimba visima na vya kutunza mikoko, vyenye makatibu wazuri mno ambao daftari lao huliwa na mchwa au unyevu wa pwani kabla wajukuu hawajajua kusoma. Hawakosi ufundi wa kuandika. Wanakosa mtu wa kuuthamini baada ya kikao kufungwa.

Na masharti ya ufundi huo si mengi. Majina yaandikwe kamili, maana “Mama Asha” wa leo anajulikana na mtaa mzima, na baada ya miaka hamsini hajulikani na mtu. Picha iandikwe walio ndani, kutoka kushoto kwenda kulia. Jedwali la mwaka huu lifuate safu zilezile za mwaka jana hata kama kiongozi mpya anapenda nyingine. Akilazimika kuzibadili, aandike amebadili nini na kwa nini. Nakala zikae angalau sehemu mbili zisizoweza kuungua pamoja. Na pawe na ukurasa wa yale yaliyojaribiwa yakashindikana: kisima kilichotoa maji ya chumvi, miche iliyokauka, mgonjwa aliyefikishwa hospitali akiwa ameshafariki. Mafanikio ya chama yatasimuliwa na waliofaidika, na wanasiasa wataongezea yao. Safari iliyotoka usiku ikarudi mikono mitupu haina msimulizi mwingine zaidi ya katibu.