Kipimo cha Somo si Kipimo cha Mwalimu

Mwaka 2003 muungano wa vyuo vya jimbo la Maryland, Marekani, ulianzisha mpango uitwao Quality Matters ili kupima ubora wa masomo yafundishwayo kwa njia ya intaneti. Wakaguzi, ambao wenyewe ni walimu, hulichunguza somo kwa mafungu manane ya masharti, yakiwemo malengo, upimaji, vifaa na msaada kwa mwanafunzi. Ili lifuzu, sharti lipate angalau asilimia 85 ya alama zote.

Hatukidharau kipimo hiki. Kinasisitiza kwamba lengo, zoezi na mtihani havina budi kuafikiana, jambo ambalo hata sisi wa ubao na chaki hulisahau. Lakini kinachopimwa hapo ni mpango wa somo, si ufundishaji wenyewe. Kasoro huzuka chuo kinaporidhika na cheti cha somo, kikaacha kumfunza mwalimu.

Sisi walimu wa Kiswahili twaijua hasara yake. Mwanafunzi aweza kusikiliza neno "ng'ombe" mara kumi katika sauti iliyorekodiwa vizuri, kisha akalitamka kwa "ng" ya "ngoma". Sauti ile husema, haisikii. Wa kumsahihisha ni mwalimu.

Kwa hiyo twaona yafaa mwalimu, kabla ya kukabidhiwa darasa la intaneti, awe kwanza mwanafunzi katika darasa kama hilo, kisha atazamwe akijibu na kusahihisha. Walimu wenzetu, tuyadai mafunzo hayo kabla ya kudai mitambo mipya.