Kisa cha Mbegha na Mtandao Usio na Bohari

Watunzi wa istilahi za kompyuta wametupatia jina "mtandao wa rika kwa rika", yaani mtandao ambao kompyuta hupeana mafaili zenyewe kwa zenyewe, bila ya kupitia bohari moja kubwa ya kampuni. Jina hilo linavutia, lakini lina kasoro. Rika ni watu waliokua pamoja, wakapita jandoni pamoja, na wanaodaiana wema. Kompyuta hizi hazijuani. Ningependelea "jirani kwa jirani", maana jirani si lazima awe sawa nawe; linalotakiwa ni akufungulie mlango.

Tuipime istilahi hii kwa kisa kinachojulikana mno katika milima ya Usambara, kuanzia Vugha, uliokuwa mji mkuu wa Wakilindi, hadi vijiji vya upande wa Lushoto kama Gare. Ni kisa cha Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akawa mfalme wa Washambaa. Kisa hicho hakikuwa na bohari; kilikaa vinywani mwa wazee wa koo mbalimbali, na kila msimulizi alikipa uzito wake. Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, aliyemtumikia Semboja, mwana wa Kimweri, huko Mazinde, ndiye aliyekiandika kwa Kiswahili katika *Habari za Wakilindi*. Misheni ya Magila ilianza kukichapa kitabu hicho kwa sehemu mwaka 1895, na mwaka 1962 kikatolewa tena Nairobi. Nathari yake imejaa majibizano ya watu, hata msomaji hudhani amekaa barazani anasikiliza.

Hapana shaka kitabu hicho ni hazina. Lakini hazina nayo huweza kugeuka bohari. Aliyekwisha kukisoma hudhani amekisikia kisa chote, ilhali amesikia namna moja ya kukisimulia. Steven Feierman, katika *The Shambaa Kingdom* (1974), aliyakusanya masimulizi mbalimbali ya kisa hicho akayalinganisha, na tofauti zake zikawa ndizo zenye maana kwake.

Hapo ndipo teknolojia mpya inapotufaa. Mwaka 2001 Bram Cohen alitoa BitTorrent, ambamo faili hukatwa vipande na kila anayelipokea huwapa wengine. Mwaka 2015 ikaja IPFS, ambamo faili haliitwi kwa mahali lilipowekwa, bali kwa alama inayokokotolewa kutokana na maandishi yake yenyewe. Badili herufi moja, na alama nzima hubadilika. Mnukuzi wa zamani aliweza kulisahihisha neno la mshairi kimyakimya, na sisi tukalisoma sahihisho kama asili. Humu hawezi: sahihisho lake litakuwa faili jingine, na lile la kwanza litabaki na alama yake. Kwa mhakiki, hiyo ni neema.

Hata hivyo, wanaoisifu teknolojia hii husahau mambo mawili. Kwanza, faili lisilo na mtu wa kuliweka hufa, hata kama halina mfalme wa kulifuta. Alama yake hubaki, lakini ukibisha hodi hakuna anayeitika. Pili, kilichokwisha kusambazwa hakirudishwi. Yapo maneno ya tambiko ambayo mzee humwambia mjukuu wake tu. Mtandao hauna adabu ya kunyamaza. Adabu hiyo ni lazima iwe kwetu kabla ya kurekodi.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu chini ya bahari, na intaneti ikazorota nchini Tanzania. Simu mbili zilizo chumba kimoja, hata hivyo, hupeana sauti kwa Bluetooth bila ya kuihitaji bahari. Kwa hiyo kijana wa Gare anayetaka kumrekodi bibi yake akisimulia hana haja ya kusubiri bohari ya mbali. Aombe ruhusa, ataje jina la msimulizi, mahali na tarehe, kisha awape majirani watatu nakala. Wale watatu wakizitunza, mtandao umekwisha kuwapo. Wasipozitunza, hakuna ufundi wa kompyuta utakaotufufulia sauti ile, nasi tutabaki na kitabu kimoja, tukidhani kwamba mlima mzima ulisema kwa kinywa kimoja.