Sufuri mbili za Daraja

Wandugu, sisi tunaojifunza infomatike huku Maniema tunapaswa kuisoma vizuri Daraja ya Safaricom, hata kama M-Pesa yetu ya Kongo inaendeshwa na Vodacom. Daraja ilifunguliwa mwaka 2017 ili programu za watu wengine ziweze kuomba malipo ya M-Pesa kule Kenya.

Kitu ya kusifu kwanza: haikufungi ungojee. Programu yako inatuma ombi. Palepale inajibiwa kwamba ombi limepokelewa, na inapewa namba yake. Mteja anatafuta simu, anaandika namba ya siri, anasitasita. Muda huo wote seva yako iko huru kuhudumia wengine. Jibu la mwisho linakuja baadaye kwenye anwani uliyoacha. Kwenye klaudi, mahali unalipia kila sekunde ya kazi, kungojea bure kunakula feza. Tena wanafunzi mia wakilipa saa moja, seva inayomngojea kila mmoja itaziba.

Lakini kuna kosa. Jibu la kwanza, kama ombi limepokelewa, linabeba 0. Jibu la mwisho, kama mteja amelipa, nalo linabeba 0. Sufuri moja inasema «tumesikia», ingine inasema «amelipa». Mwenye kuandika haraka anaona 0 ya kwanza, anatoa risiti, kumbe mteja amekataa kwenye simu na jibu la mwisho ni 1032. Mali imekwisha kutoka dukani.

La pili linaumiza zaidi. Jibu la mwisho likikuta seva yako imezimika, linaweza kupotea. Mama wa Kailo amelipa minervali ya mtoto, programu inamwambia bado, analipa tena. Daraja inakupa njia ya kuuliza hali ya ombi kwa namba ileile, ila hakuna atakayeuliza kwa niaba yako. Basi namba ihifadhiwe mara moja, jibu likichelewa tuulize, na likifika mara mbili tulihesabu mara moja tu.

Kwa hiyo Daraja inastahili kuigwa katika kupokea ombi, si katika kuyapa majibu yake majina. Na siku tutakapojenga yetu ya kulipia shule, kabla ya kumwita mtu aijaribu, tuzime seva katikati ya malipo, tuone yule mama anaambiwa nini.