Kujiuza, Kuharibika, Kuuzwa: Mtenda Asiyetajwa katika Lugha ya Picha za Ngono na Ulanguzi wa Binadamu

Katika gati la Mbaraki, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, shehena haiteremshwi bila hati. Hata klinka ya saruji, ambayo si kitu ila mawe yaliyochomwa, huandikiwa jina la aliyeipakia, la chombo kilichoileta na la atakayeipokea. Mjini humo humo, msichana aliyechukuliwa kwa hila, akapigwa picha za ngono na picha hizo zikatiwa sokoni, husemwa kwa sentensi isiyo na hata jina moja kati ya hayo matatu: ameharibika, anajiuza.

Maneno haya mawili yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko yalivyozoea kuangaliwa. La kwanza liko katika kauli ya kutendeka. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kauli hiyo haimpokei mtenda. Husemwa kikombe kimevunjwa na Juma, wala haisemwi kimevunjika na Juma. Kauli ya kutendeka hueleza hali na kuacha chanzo chake gizani. Si dosari ya lugha. Ni nyenzo nzuri pale chanzo kisipojulikana au kisipokuwa na maana. Ajabu ni jinsi nyenzo hiyo inavyowekewa akiba msichana. Yeye huharibika, hupotoka, hupotea. Neno la pili, kujiuza, lina hila ya namna nyingine. Kiambishi -ji- humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja: muuzaji ndiye bidhaa. Mnunuzi hana nafasi katika kitenzi hicho, na dalali hana kabisa. Mwambao huu uliishi na soko la watumwa kwa karne nyingi, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897, wala pwani ya Kenya hadi 1907. Lakini katika Kiswahili mtumwa huuzwa. Hajiuzi.

Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980 na kusomwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari za Kenya, yafaa kusomwa upya kwa jicho hilo. Maimuna, binti aliyetawishwa na babake Maksuudi, anatoroka nyumbani na hatimaye anaangukia katika nyumba ya Mama Jeni. Hapa penyewe, katika muhtasari wa sentensi moja, kitenzi kuangukia kimejiingiza bila kualikwa. Uhakiki wa darasani nao humfuata Maimuna tu: alivyolelewa, alivyopotoka, alivyojuta. Mama Jeni hutajwa kama sehemu ya mandhari, mithili ya taa au kitanda. Lakini Mama Jeni ana nyumba na ana wateja, na kitendo cha Maksuudi cha kumfungia bintiye ndani kina mtenda aliye wazi. Mwandishi amewapa watu hawa majina. Ni msomaji anayewanyang'anya. Jina lenyewe la riwaya limetokana na kauli ya kutendana, ambayo haiwi bila watu wawili.

Jambo moja riwaya ya 1980 haikuweza kulitazamia. Nyumba ya Mama Jeni ina mlango, na aliyetoka ametoka. Picha haina mlango. Hapo ndipo penye kiungo hasa kati ya picha za ngono na ulanguzi wa binadamu, na kiungo hicho si kile kinachohubiriwa mara nyingi, yaani kwamba anayetazama picha chafu atakuwa mkosaji kesho. Kiungo kinachothibitika mahakamani ni cha kazi na faida: mtu huajiriwa kwa uongo, hupigwa picha, kisha picha ile ile huwa bidhaa inayouzwa, tangazo la kumvutia mnunuzi mwingine, na kamba ya kumfunga aliyepigwa asiseme. Katika mji wa San Diego, Marekani, wanawake vijana waliitwa kwa matangazo ya kazi ya uanamitindo, wakaahidiwa kwamba kanda zao zingeuzwa ng'ambo tu na hazingewekwa kwenye intaneti. Ziliwekwa. Januari 2020 mahakama iliamua wanawake 22 walipwe fidia ya karibu dola milioni 13, na mwaka 2025 kiongozi wa biashara hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka 27. Kosa lake halikuitwa uchafu. Liliitwa ulanguzi wa watu kwa ajili ya ngono.

Haifuati kwamba kila picha ya ngono ni ulanguzi. Anayesema hivyo hulifanya neno la pili kuwa tusi tu, na tusi halithibitiki mahakamani. La kuulizwa ni nani alimleta aliye pichani, kwa ahadi gani, na nani alipokea fedha.

Maswali hayo hayakusikika sana Mombasa mwaka 2013, kundi la wanawake vijana lilipokamatwa katika nyumba moja ya Nyali pamoja na raia wa Uswisi, kwa madai ya kutengeneza picha za ngono. Mazungumzo ya mitaani na ya magazeti yaliwashika wanawake: walilodaiwa kulifanya, na jinsi lilivyochukiza. Kitenzi kilichowafaa wasemaji kilikuwa kushiriki, ambacho humpa kila mtu hisa sawa katika jambo, aliye mbele ya kamera na aliye nyuma yake. Sheria nayo ilikuwa na mchango wake. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, urithi wa enzi ya ukoloni, kinahusu machapisho machafu, na kichwa chake cha Kiingereza kina neno traffic. Kinacholanguliwa katika kifungu hicho ni karatasi na kanda. Kinachodhurika ni maadili ya umma. Aliye pichani hamo, labda kama mshtakiwa. Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Watu ya 2010 inalitumia neno la mzizi huo huo kwa maana nyingine kabisa: kinacholanguliwa ni mtu, anayedhurika ni mtu huyo, na ridhaa yake haihesabiki ikiwa ilipatikana kwa hila au kwa nguvu. Kwa watoto, vitu hivi viliwekwa pamoja mapema. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inapanga ulanguzi wa watoto, utalii wa ngono, ukahaba wa watoto na picha zao za ngono katika vifungu vya 13 hadi 16, kimoja baada ya kingine. Mwaka huo huo UNICEF na serikali ya Kenya zilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wakitumiwa katika biashara ya ngono. Msichana anapotimiza miaka 18, sarufi hubadilika.

Wanaistilahi nao wana deni. Tanzania hupendelea usafirishaji haramu wa binadamu; Kenya husema ulanguzi. Usafirishaji unataka safari. Itifaki ya Palermo ya 2000 haidai kuvukwa kwa mpaka wowote, na msichana wa Likoni anayepelekwa Nyali amepanda kivuko tu na kupita daraja. Ulanguzi ni neno bora, ijapokuwa lina historia ya ajabu kidogo: katika kampeni ya Tanzania ya 1983 mlanguzi alikuwa mficha sukari na sabuni. Lakini historia hiyo ndiyo fadhila yake, kwa sababu langua ni kitenzi cha faida, na faida ina mwenyewe. Picha chafu, kwa upande mwingine, ni istilahi inayofaa kuachwa. Uchafu hushika kinachoonekana, na kinachoonekana pichani ni mwanamke.

Kamusi ijayo itakayoingiza kujiuza kwa maana ya ukahaba ingeweza angalau kuongeza mfano mmoja wenye kuuzwa na.

Mwanzoni mwa karne ya 20 studio za picha za mwambao, kama zile za Gomes na Coutinho, ziliuza kadi za posta kwa wasafiri waliopita bandarini. Miongoni mwa picha hizo kulikuwa na za wanawake vijana, baadhi yao vifua wazi, wakati hali ya utumwa ilipokuwa imefutwa juzi tu au haijafutwa bado. Maelezo chini ya picha hutaja kabila, au mji, au uzuri. Jina linalochapwa kwenye kadi ni la mwenye studio.